Msiitukane Injini Kabla ya Kupima Nyuma

Kuna imani mbili zinazotembea pamoja katika karakana na vijiwe vya wapenda magari ya zamani, na aliyeishika moja huwa ameishika na ya pili. Ya kwanza inasema alaimenti ni kazi ya magurudumu ya mbele. Ya nyuma yalishafungwa kiwandani, kazi yake ni kufuata. Ya pili inasema Porsche 911 ya zamani inachapa mkia kwa sababu injini yake imekaa nyuma ya ekseli, basi anayeinunua akubali kwamba siku moja itamgeuka kwenye kona. Imani hizi zinalindana. Fundi asiyegusa nyuma ana kisingizio tayari gari likiteleza: injini. Mwenye gari aliyekwisha kuimeza hadithi ya injini haoni sababu ya kumuuliza fundi kwa nini hakugusa nyuma. Mimi nasema zote mbili si kweli. Ya kwanza ni uongo mtupu. Ya pili ina chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana imedumu miaka 60.

Tuanze na ya kwanza. Magurudumu ya nyuma hayafuati kitu. Ya mbele yana dereva wa kuyasahihisha kila sekunde, ya nyuma hayana mtu. Yakiwa yameelekea kulia kidogo, tako la gari litataka kwenda kulia, pua itageukia kushoto, na dereva ataushika usukani kulia, mara nyingi bila kujua, ili mwendo unyooke. Gari linasonga mbele huku kiwiliwili kimekaa mshazari, kama kaa ufukweni. Katika karakana inayopima mbele peke yake, dalili pekee itakayoonekana ni usukani uliopinda, na dawa itakayotolewa ni kulegeza tairodi, kuusimamisha usukani katikati, kukaza na kulipwa. Usukani umenyooka. Gari linaendelea kutembea mshazari.

Twende kwenye namba, maana bila namba mjadala huu unabaki kelele. Tairi likielekeza pua yake ndani, kwenye mstari wa katikati ya gari, mafundi wanaita toini. Likielekeza nje ni toauti. Hupimwa kwa digrii, na kwa kuwa digrii nzima ni kubwa mno kwa kazi hii, hupimwa kwa dakika, 60 katika kila digrii. Chukua 911 ambayo tairi lake la nyuma la kushoto lina toini ya dakika 20 na la kulia lina toauti ya dakika 10. Ukizijumlisha unapata toini ya dakika 10, namba ya heshima kabisa, na fundi anayesoma jumla peke yake atakurudishia ufunguo. Lakini matairi yote mawili yameelekea kulia. Mstari wa kweli wa msukumo wa gari umekengeuka kwa dakika 15, na katika gari ambalo ekseli zake zinaachana kwa takriban milimita 2,270, kama 911 za zamani za kuanzia 1969, huo ni mkengeuko wa karibu milimita 10 kati ya mbele na nyuma. Jumla ni safi, gari ni bovu.

Sasa liingize gari hilo kwenye kona ya kushoto. Tairi linalobeba mzigo ni la nje, yaani la kulia, na hilo ndilo lenye toauti. Mkia utakuwa mwepesi, wa kustukiza. Liingize kwenye kona ya kulia. Mzigo unahamia tairi la kushoto lenye toini ya dakika 20, na gari lilelile linakuwa zito, linagoma kugeuka, linasukuma pua nje. Hapa ndipo ninapowauliza wanaoilaumu injini: injini hiyo ina upande? Imefungwa katikati ya gari. Haijui kushoto wala kulia. Uzito wake ungekuwa ndio mkosaji peke yake, gari lingekosea sawasawa pande zote mbili. Ndiyo, dereva anakaa upande mmoja na barabara zetu zina mwinamo wa kumwaga maji, lakini hayo yanaondoka ukijaribu gari katika uwanja mpana ulio tambarare, mizunguko ya kushoto kisha ya kulia, kwa mwendo wa wastani. 911 inayofanya jambo moja kushoto na lingine kulia inakuambia wazi kwamba kuna kitu hakiko sawa kwenye magurudumu yake. Ajabu ni kwamba wenye magari wengi wanaijua tofauti hii mwilini kabisa. Utawasikia wakisema gari lao "linapenda kona za kulia", na wanaisema kwa mapenzi, kama tabia ya mnyama wa nyumbani.

Ile kauli kwamba nyuma "ilishafungwa kiwandani" inaporomoka mara tu unapolala chini ya gari lenyewe. Kwenye 911 za kuanzia 1964 hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, gurudumu la nyuma limeshikwa na mkono mnene unaotoka karibu na giaboksi na kuja nyuma kwa mshazari. Mzigo haubebwi na springi za koili. Unabebwa na chuma kirefu cha mviringo kilicholala kukatiza gari, kinachojisokota gurudumu linapopanda na kujisokotoa linaposhuka. Mafundi wanakiita tosheni. Kati ya tosheni na mkono kuna bamba refu la chuma, bapa, gumu kwa kwenda juu na chini lakini laini kwa kupinda pembeni. Tazama mahali bamba hilo linapokutana na mkono. Kuna bolti kadhaa zinazobana, na kati yake kuna mbili ambazo vichwa vyake havikukaa katikati ya shina lake, ukizizungusha zinasukuma. Moja inaulaza au kuuinua mkono ili tairi liegemee ndani au nje kwa juu, jambo ambalo mafundi wanaita kemba. Nyingine inautelezesha mkono mbele au nyuma juu ya bamba, na tairi linageuza pua. Matundu yametobolewa marefu kwa makusudi ili kuwe na nafasi ya kusogea. Hakuna mhandisi wa Porsche aliyetoboa tundu refu na kuweka bolti ya namna hiyo kwa ajili ya urembo. Walijua nyuma itahitaji kurekebishwa, wakaacha mlango. Sisi ndio tuliokataa kuufungua, na nusu ya 911 nilizowahi kuchungulia chini yake zina bolti hizo zilizoshikana kwa kutu na tope, dalili kwamba spana haijafika pale tangu gari libadilishe mwenyewe mara ya pili au ya tatu.

Basi tuje kwenye injini. Sikatai fizikia. Injini ya silinda sita ikining'inia nyuma ya ekseli, takriban asilimia 60 ya uzito ikiwa kwenye magurudumu ya nyuma, ni mzigo ulio mbali na kitovu cha gari, na mzigo ulio mbali ukishaanza kuzunguka ni kazi kuusimamisha. Hilo ni kweli na litabaki kweli. Lakini angalieni vizuri linachosema. Linasema mkia ukishatoka utakuwa mgumu kurudishwa. Halisemi kwa nini umetoka.

Kutoka kwake kuna mpangilio unaojulikana. Dereva ameingia kona kwa kasi, kona imekaza kuliko alivyodhani, anaogopa na kuachia mafuta. Uzito unakimbilia mbele. Tako la gari linainuka, mkono wa nyuma unashuka, na kwa sababu umefungwa mshazari, tairi linapoteza ile kemba ya kuegemea ndani iliyokuwa inalisaidia. Wakati huohuo injini iliyoachiwa inaanza kuburuta, na mburuto huo unayavuta magurudumu ya nyuma kurudi nyuma dhidi ya bushi za raba. Raba inakubali. Tairi la nje, ambalo wakati huo limebeba karibu kila kitu, linageuza pua nje. Kwa maneno mengine, nyuma ya gari imejipigia usukani yenyewe, kuelekea nje ya kona. Likiwa limeanza safari hiyo na toini ya kutosha, lilikuwa na akiba ya kula kabla ya kufika kwenye toauti. Likiwa limeanza na sifuri, au limeshaanza na toauti kwa sababu hakuna aliyelipima tangu bushi zilipochoka, hakuna akiba. Dereva atasema injini ilimrusha. Ilimrusha, ndiyo, baada ya tairi kumfungulia.

Atakayesema haya ni maneno ya mtetezi wa Porsche, amtazame Porsche mwenyewe alivyofanya. Miaka ya mwanzo, malalamiko yalipozidi, waliweka vipande vya chuma vya kilo 11 kila kimoja ndani ya bampa ya mbele, kulia na kushoto. Hiyo ndiyo dawa ya mtu anayeamini uzito ndio ugonjwa wote, na haikudumu. Dawa iliyodumu ilikuja na magari ya mwaka wa 1969: ekseli ziliachanishwa zaidi kwa milimita 57, kutoka 2,211 hadi 2,268, na walifanya hivyo kwa kurefusha mikono ya nyuma. Injini ilibaki palepale. Kilichohamishwa ni magurudumu. Nataka msomaji aliyezoea kuilaani injini akae na jambo hilo kidogo.

Halafu kuna Porsche 928. Gari hili lilionyeshwa 1977, injini yake ya silinda nane iko mbele, giaboksi nyuma, uzito umegawanywa karibu nusu kwa nusu. Kwa mantiki ya vijiweni, wahandisi hawakuwa na sababu ya kuhangaika tena na mkia. Badala yake waliketi katika mji wa Weissach na kubuni ekseli ya nyuma iliyoitwa kwa jina la mji huohuo, na shughuli yake kubwa ilikuwa moja: dereva akiachia mafuta au kukanyaga breki katikati ya kona, mburuto uleule unaolivuta tairi nyuma ulifanye ligeuze pua ndani badala ya nje. Waliweka kiungo kifupi mbele ya mkono kinachosogea kwa namna ya kuleta toini. Kampuni iliyokuwa na uzoefu kuliko zote wa magari yanayochapa mkia ilipopata nafasi ya kuanza upya, ikiwa na injini mbele, bado iliona adui ni pembe ya tairi la nyuma wakati wa kuachia mafuta. Na ilipofika 911 ya kizazi cha 993 mwaka 1993, injini ikiwa nyuma vilevile kama babu yake, waliitupa ile mikono ya mshazari na kuleta viungo vingi vinavyolidhibiti tairi kila upande. Ile sifa ya 911 ya kuwapindua watu ikaanza kuwa hadithi ya wazee. Injini haikuhama hata hatua moja.

Kwenye mashindano ushahidi ni uleule. Vic Elford alishinda Monte Carlo Rally ya 1968 kwa 911, Björn Waldegård akashinda ya 1969 na ya 1970 kwa 911, kwenye milima yenye barafu, mahali ambapo gari lisilotabirika nyuma halimalizi hata usiku wa kwanza. Huku kwetu, Safari Rally haikuwahi kuangukia mikononi mwa 911 enzi zake za ubingwa, lakini gari hilo lilishika nafasi ya pili mara tatu: Sobiesław Zasada 1972, Waldegård 1974, na Vic Preston Jr 1978. Na 2011, Waldegård akiwa amepita miaka 60, alirudi na 911 kushinda East African Safari Classic. Mtaniambia hao ni mabingwa, mikono yao si ya mtu wa kawaida. Sawa. Lakini bingwa hawezi kubishana na gari linalobadilisha tabia kati ya kona ya kushoto na ya kulia kwa maelfu ya kilomita za vumbi na mashimo. Anahitaji gari lililopimwa na kupimwa tena, kwa sababu kila shimo ni fursa ya kuipinda sehemu au kuitelezesha bolti. Kinachowatofautisha na mwenye gari wa kawaida si mikono tu. Nyuma ya magari yao kuna watu wanaolala chini kila usiku.

Kuna kundi jingine linalokubaliana nami kwamba nyuma ina maana, halafu linaharibu kazi kwa njia yake. Hawa ni waumini wa karatasi ya kijani. Gari limepandishwa kwenye mashine ya kisasa, vioo vimefungwa kwenye rimu zote nne, skrini imeonyesha namba, namba zimekuwa kijani, karatasi imechapwa. Sina ugomvi na mashine. Kwenye sakafu iliyonyooka, na ikitunzwa, inapima vizuri. Ugomvi wangu ni na kinachofanyika pembeni yake. Gari limepimwa tupu, bila dereva, tangi halijulikani lina mafuta kiasi gani, upepo wa matairi haukuangaliwa. Limeshushwa kutoka kwenye jeki na kupimwa papo hapo, matairi yakiwa bado yamebanwa pembeni, sasipensheni haijakaa. Na kubwa kuliko yote, hakuna aliyeangalia raba. Bushi iliyoshika kitovu cha lile bamba la chuma imebeba uzito wa gari kwa miaka 40 na zaidi. Inasagika upande mmoja hadi chuma kinakaribia kugusa chuma. Gari la namna hiyo likisimama linaweza kutoa namba za kijani kabisa. Likikimbia, likiachiwa mafuta, namba hizo hazipo tena. Karatasi imepima gari lililolala.

Wengine wanatibu kwa kununua. Tairi pana zaidi nyuma, gari lishushwe lionekane limekaa chini, bushi ngumu za plastiki. Gari hili lilianza maisha kwa matairi ya upana wa 165 kwenye rimu za inchi 4.5, matairi ambayo yalimwonya dereva mapema kwa kuanza kuteleza taratibu. Tairi pana linaficha toini mbaya hadi kasi inapokuwa kubwa, kisha linaifichua kwa mara moja. Kushusha gari nako si urembo mtupu: kila tako linaposhuka, mikono ile ya mshazari inaongeza kemba ya kuegemea ndani na kuigusa toini pia, kwa hiyo aliyeshusha bila kupima upya amebadilisha vitu vitatu akidhani amebadilisha kimoja. Bushi ngumu zina mahali pake, lakini bushi ngumu iliyofungwa kwenye pembe mbovu inaishikilia pembe mbovu kwa uaminifu mkubwa.

Wako pia wanaoniambia hoja yangu ni ya gari moja, mengine hayana bolti za kurekebishia nyuma. Baadhi hayana, kweli. Datsun 240Z, iliyoshinda Safari ya 1971 kwa mikono ya Edgar Herrmann na ya 1973 kwa mikono ya Shekhar Mehta, ilitoka kiwandani bila njia ya kurekebisha toini wala kemba ya nyuma. Lakini tuangalie wenzake. Jaguar E-Type ilipewa washa za kuongeza au kupunguza kwenye mashafti yake ya nyuma ili kemba irekebishwe. Corvette ya 1963 ilipewa washa kwa ajili ya toini na bolti ya kusukuma kwa ajili ya kemba. Wabunifu wa nchi tatu walikubaliana kwamba nyuma inahitaji kurekebishwa. Na hata kwenye 240Z, kukosa bolti ya kurekebishia hakuondoi haja ya kupima. Kunaiongeza. Kama kiwanda hakikuweka nafasi ya kusogeza, basi namba isiyo sawa haina maelezo mengine isipokuwa kitu kimepinda au kimechoka: mkono wa chini uligonga jiwe, bushi imekufa, au gari liliwahi kupata ajali na kunyooshwa kwa macho. Fundi anayesema "hii haina adjasti" na kuishia hapo amekuona una homa akakuambia kipimajoto hakina dawa.

Kwa hiyo kazi ifanyweje? Kwa mpangilio, na mpangilio unaanza nyuma. Kwanza raba na beringi za magurudumu. Kama kuna mchezo, hakuna kupima. Kisha kimo cha gari, na hapa 911 za zamani zinadai subira ya kipekee. Kabla ya kuja yale mabamba ya vipande viwili yenye bolti ya kurekebishia kimo, kimo cha nyuma kilibadilishwa kwa kuchomoa tosheni na kuirudisha kwenye meno mengine. Upande wa ndani una meno 40, wa nje una meno 44. Jino moja la ndani ni digrii 9, jino moja la nje ni digrii 8 na dakika 10 hivi. Ukienda jino moja mbele huku na jino moja nyuma kule, unapata hatua ya dakika 50. Ni ujanja mzuri mno wa hesabu, na ni kazi ya kutoa jasho. Fundi akikosea jino moja upande mmoja, gari linabaki na kona moja iliyobeba kupita kiasi na nyingine inayoelea, na hapo pembe yoyote utakayoweka baadaye itakuwa imewekwa juu ya uongo.

Baada ya kimo, kemba ya nyuma, kisha toini ya nyuma, kisha kemba tena, kwa sababu kila moja ya zile bolti mbili inaguswa na kazi ya mwenzake. Ukisogeza moja, nyingine inahama kidogo. Unakwenda na kurudi hadi zote zitulie. Mbele inakuja mwisho, ikifuata mstari ambao nyuma imeshauweka.

Wala vifaa visiwe kisingizio. Uzi wa nailoni uliovutwa kila upande kwenye vigingi vinne, ukiwa sambamba na mstari wa katikati wa gari, unatosha kabisa kuonyesha kila tairi peke yake, jambo ambalo jumla ya toini inalificha. Tahadhari moja: upana wa ekseli ya mbele na ya nyuma haulingani, kwa hiyo uzi hauwekwi kwa kufuata matairi; unapimwa kutoka kwenye vitovu vya magurudumu, umbali sawa kushoto na kulia. Chini ya matairi ya nyuma unaweka vipande viwili vya bati vyenye grisi kati yake ili tairi liwe huru kuhama. Mfuko wa mchanga wenye uzito wa dereva unakaa kwenye kiti chake. Rula ya chuma inagusa mdomo wa mbele wa rimu, kisha wa nyuma. Kwenye rimu ya inchi 15, tofauti ya milimita 1 ni takriban dakika 9. Kisha unasogeza gari nusu mzunguko wa gurudumu na kupima tena, maana rimu ya zamani iliyopinda kidogo inaweza kudanganya kwa kiasi hichohicho. Alama ya rangi kwenye kichwa cha bolti kabla ya kuigusa, robo ya mzunguko, kaza, sukuma gari mbele na nyuma litulie, pima. Rudia. Atakayeona ni ushamba akumbuke kwamba nusu milimita inayosomeka kwa rula ni chini ya dakika 5, na hakuna barabara ya mji wowote wa Afrika Mashariki itakayodai zaidi ya hapo.

Lengo lenyewe ni la kiasi. Toini ndogo, sawa kila upande, kemba sawa kila upande ndani ya mipaka ya kitabu cha gari, huku ukikumbuka kwamba namba za kitabu ziliandikwa kwa matairi ya enzi hizo na huenda matairi yako yakadai kusogezwa kidogo. Wapo wanaosikia toini ni usalama wakaimwaga bila kipimo. Matokeo ni gari zito la kugeuka na matairi yanayoliwa kingo kabla ya wakati. Sawa kwa pande mbili ni muhimu kuliko nyingi.

Kinachobaki ni hela, na hapo ndipo imani hizi mbili zilipopata nguvu. Alaimenti ya mbele inauzwa kama kazi ya nusu saa. Niliyoieleza hapa ni kazi ya siku nzima, wakati mwingine mbili kama bolti zimeshikana, na hakuna karakana itakayoifanya kwa bei ya nusu saa. Wenye magari wanaolipa fedha nyingi kupaka rangi upya na kushona ngozi za viti wanashtuka wakiambiwa bei ya siku ya fundi chini ya gari, halafu wanaenda kijiweni kuilaumu injini iliyobuniwa kabla hawajazaliwa. Mafundi nao, wakijua hawatalipwa, wanarudia maneno kwamba nyuma hairekebishwi. Kila mmoja anapata anachotaka isipokuwa atakayekuwa kwenye usukani.

Na kwa anayenunua: muuzaji akikuambia gari lina "tabia ya 911", mwombe namba nne za nyuma, toini ya kushoto na ya kulia kila moja peke yake, kemba ya kushoto na ya kulia kila moja peke yake, pamoja na kimo cha gari siku lilipopimwa na kama dereva alikuwa amekaa ndani. Akikuonyesha karatasi yenye jumla tu, au ya mbele tu, kata kwenye bei gharama ya bushi mpya za nyuma na siku mbili za fundi, kabla hujagusa mazungumzo ya rangi na viti.